Mbiu ya Mgambo Katika Zama za Kompyuta

(Mazungumzo kwa wanafunzi, walimu na wakuu wa ofisi kuhusu mwanafunzi wa Tanga na roboti ya kutoa tahadhari)

Wahenga walinena ya kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe ya mnyama iliyokuwa ikipulizwa mjini, na mgambo ni tangazo lenye kuwahusu watu wote. Pembe iliposikika, mvuvi aliyekuwa akishona nyavu zake aliweka sindano chini, mkulima aliacha jembe, na mwenye duka alitoka barazani kwake kusikiliza. Hapakuwa na aliyeuliza kama ipo haja ya kwenda, kwani ilifahamika kuwa pembe ile haipulizwi bure.

Heshima hiyo ya mbiu ilisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza, mpuliza mbiu alisimama mahali ambapo janga lenyewe halikumziba kinywa. Ya pili, sauti yake ilimfikia mtu mwenye uwezo wa kutenda. Ya tatu, haikupulizwa kwa mchezo. Mazungumzo haya yana nia ya kubainisha kwamba nguzo hizo hizo ndizo zinazohitajika leo katika kazi inayofanywa na vijana wengi wa vyuo, nayo ni kuitengenezea kompyuta mjumbe wa kutoa tahadhari pale inapopatwa na hitilafu.

KWA NINI TANGA

Mfano utakaotumika unatoka Tanga, na wasikilizaji wa Visiwani huenda wakajiuliza sababu. Jawabu ni kwamba Tanga ni jirani wa Pemba, na tangu mwaka 2010 ujirani huo umefungwa kwa waya. Mwaka huo ulizinduliwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Majani Mapana, Tanga, hadi Ras Mkumbuu, Pemba, wenye urefu wa kilomita 78 hivi na msongo wa kilovolti 33. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwepo Wesha. Waya huo umeiunganisha Pemba na gridi ya Taifa, ambayo katika Mkoa wa Tanga hupokea nguvu ya maji ya Mto Pangani kutoka vituo vya Hale, chenye megawati 21, na Pangani, chenye megawati 68. Hivyo basi, hitilafu ya ng'ambo ile haiwezi tena kuhesabiwa kuwa ni habari ya ng'ambo ile peke yake.

Unguja nayo inaifahamu vyema thamani ya tahadhari. Waya wake wa kwanza wa baharini, uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulipata hitilafu mwezi Mei 2008, na kisiwa kikakaa bila ya umeme wa gridi kwa karibu mwezi mzima. Mwezi Desemba 2009 giza lilirudi, likadumu miezi mitatu hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, mafriji yalizimika, na wanafunzi walisoma kwa taa za mafuta. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Mwenye kuikumbuka miezi ile hahitaji kuelezwa kwamba mashine ikizimika, anayeumia ni binadamu.

MWANAFUNZI NA SEVA

Mwanafunzi anayesimuliwa hapa hatajwi jina, wala ofisi yake haitajwi, kwani habari yake ni mfano tu, uliokusanywa kutokana na mambo yanayowapata wanafunzi wengi. Ni kijana wa fani ya kompyuta aliyepelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika kituo kimoja cha afya mjini Tanga. Katika chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mapokezi aliikuta seva.

Seva ni kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana kwa kuzihudumia kompyuta nyingine. Karani wa mapokezi anapoandika jina la mgonjwa, mkunga anapotafuta kadi ya mama mjamzito, au mtunza dawa anapohesabu vidonge vilivyobaki, wote hao huzungumza na seva moja. Ikisimama, nao husimama. Kwa hali ya mwambao, adui wa seva ni wengi: umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, joto, unyevunyevu, na hewa ya chumvi inayoingiza kutu katika vyuma vyembamba vya ndani. Zaidi ya hayo wapo maadui wa kimyakimya, kama diski inayojaa kidogo kidogo mpaka ikakosa nafasi ya kuandika jambo jipya.

Mkuu wa kituo alimweleza kijana kwamba kila mara hitilafu hugunduliwa na wagonjwa. Foleni ikirefuka asubuhi ndipo inapojulikana kuwa seva ilizimika tangu usiku. Kijana akaahidi kuitengenezea seva sauti, ili izungumze mapema na kwa wakati.

Wazo hilo si geni duniani. Mwaka 1999 Mmarekani Ethan Galstad alitoa programu ya kuchunguza hali za seva na kutuma tahadhari, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Nagios, na hadi leo inatumika katika nchi nyingi. Roboti za mazungumzo nazo zilikuwepo katika mitandao ya maandishi tangu miaka ya 1990. Jambo lililowarahisishia wanafunzi ni kuenea kwa simu za mkononi zenye intaneti, na hatua ya mtandao wa Telegram, mwezi Juni 2015, ya kumfungulia kila mtu mlango wa kuunda roboti yake bila ya malipo.

Ifahamike kwamba vijana wenyewe huiita roboti hiyo "boti". Kwa watu wa mwambao boti ni chombo cha baharini, na mzee mmoja akiambiwa kuwa boti imeleta habari ya seva huenda akatazama bandarini. Kwa sababu hiyo katika mazungumzo haya litatumika neno roboti.

NAMNA ROBOTI INAVYOUNDWA

Hatua zenyewe si ngumu. Kwanza kijana huandikia akaunti maalumu ya Telegram iitwayo BotFather, akaomba roboti mpya na kuichagulia jina. Hupewa ufunguo, ambao ni mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi. Yeyote mwenye ufunguo huo ndiye bwana wa roboti, na ndipo inapopasa uhifadhiwe kama unavyohifadhiwa ufunguo wa sanduku la fedha.

Pili, kijana huunda kikundi cha mazungumzo cha watu wanaohusika na kuiingiza roboti humo. Akitaka imwandikie mtu mmoja mmoja, mtu huyo hana budi aisalimu kwanza, kwani kwa kanuni za Telegram roboti haina ruhusa ya kuanza mazungumzo na mtu asiyewahi kuiandikia. Kanuni hiyo ni ya adabu njema, nayo huwakinga watu na usumbufu.

Tatu, kijana huandika programu fupi ya kuulizia hali za seva. Je, seva inaitika? Diski imejaa kwa kiasi gani? Kumbukumbu inatosha? Joto ni nyuzi ngapi? Hifadhidata inafanya kazi? Nakala ya akiba ya usiku imetengenezwa? Jawabu likiwa baya, programu huchukua ule ufunguo na kuituma habari kikundini. Mwisho, seva huamrishwa kuiendesha programu hiyo kila baada ya dakika tano.

Kijana alimaliza kazi yote hiyo kwa siku mbili. Roboti ilipotuma ujumbe wake wa kwanza, simu zote za wahusika zililia kwa pamoja, na kituo kizima kikafurahi. Hata hivyo, kuipata sauti ni mwanzo tu wa kazi.

KOSA LA KWANZA: MBIU INAYOLIA BILA YA JAMBO

Katika siku za mwanzo roboti ilikuwa ikichunguza mambo manane kila dakika tano, na ikitoa taarifa ya kila jambo, liwe zuri au baya. Hesabu yake ni nyepesi. Katika saa 24 zimo dakika tano 288. Ukizidisha kwa mambo manane, zinapatikana taarifa 2,304 kwa siku moja.

Siku ya kwanza watu walizisoma kwa hamu. Siku ya pili mkunga aliizima sauti ya kikundi ili apate usingizi. Siku ya tatu karani naye akaizima, na kufikia mwisho wa wiki hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akifungua. Roboti ilikuwa hai, inatuma bila ya kuchoka, lakini ilikuwa ikizungumza na ukuta.

Kijana alipogundua hayo alirekebisha. Taarifa za heri zilinyamazishwa, zikabaki za shari peke yake. Lakini hapo pia lilijitokeza tatizo jingine. Aliweka mpaka kwamba diski ikijaa kwa asilimia 80 tahadhari itolewe. Kila usiku, wakati nakala ya akiba inatengenezwa, diski ilipanda hadi asilimia 81, kisha ikashuka. Roboti ikawa inaamsha watu saa nane za usiku kwa jambo lililojiponya lenyewe baada ya robo saa.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa ni subira na daraja. Jambo baya lisitangazwe mpaka lionekane mara tatu mfululizo, yaani kwa muda wa dakika kumi hivi. Likishatangazwa lisirudiwe kila dakika tano, bali lirudiwe baada ya saa moja kama halijashughulikiwa, na likiisha itolewe taarifa moja ya kuisha. Aidha, mambo yaligawanywa madaraja mawili. Yale yanayoweza kungoja, kama diski iliyofikia asilimia 80, huandikwa asubuhi wakati wa kazi. Yale yasiyongoja, kama seva kutoitika au joto kupanda, hutangazwa saa yoyote. Tangu siku hiyo sauti za simu zilifunguliwa tena, kwa kuwa mbiu ilirudi kuwa na jambo.

KOSA LA PILI: MLINZI ALIYELALA NDANI YA NYUMBA

Lilibaki kosa kubwa zaidi, nalo lilijificha kwa wiki tatu nzima.

Usiku mmoja wa Jumamosi umeme ulikatika mjini kwa muda wa saa moja, kisha ukarudi. Seva ilikuwa na betri ya akiba, hivyo haikuzimika. Kiyoyozi cha chumba kilizimika, na umeme uliporudi hakikuwaka chenyewe, kwani kilikuwa cha aina inayongoja mkono wa mtu. Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha. Joto lilianza kupanda, na ilipofika alfajiri seva ilijizima yenyewe ili isiungue.

Roboti haikusema neno. Programu ya tahadhari ilikuwa ndani ya seva ile ile, na kichunguzi cha joto kilikuwa bado hakijaunganishwa vizuri. Seva ilipokufa, roboti ilikufa pamoja nayo. Jumapili nzima kikundi kilikuwa kimya, na wahusika wote, akiwemo kijana mwenyewe, waliuona ukimya huo kuwa ni dalili ya amani.

Jumatatu asubuhi akina mama waliowaleta watoto kliniki walisimama katika foleni hadi saa tano. Kadi ziliandikwa upya kwa mkono. Mama mmoja aliyetoka shamba kwa gari la alfajiri aliulizwa tarehe ya chanjo iliyopita ya mwanawe, naye hakuikumbuka, kwa kuwa aliambiwa tangu mwanzo kwamba mashine ndiyo itakayokumbuka. Ilibidi aondoke na kurudi siku nyingine.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Mlinzi hawi mlinzi iwapo anaangamia kwa janga lile lile analolilinda. Na ukimya, kwa mwenye kutegemea tahadhari, una maana mbili: ama mambo ni salama, ama mpuliza mbiu ameanguka. Asiyeweza kuzitofautisha maana hizo mbili hana tahadhari, ana matumaini tu.

Kosa hili haliwapati wanafunzi peke yao. Tarehe 4 Oktoba, 2021, huduma za Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kwa muda wa saa sita hivi. Katika kazi ya matengenezo, mtandao wa ndani wa kampuni hiyo ulijikata wenyewe na intaneti. Mafundi walipotaka kurekebisha walikuta kwamba zana zao za kazi zilikuwa zikitegemea mtandao ule ule uliokatika, na hata kuingia katika majengo yenye mitambo kulichukua muda. Kampuni yenye mabilioni ya watumiaji ilikuwa imemlaza mlinzi wake ndani ya nyumba, sawa na kijana wa Tanga.

MAREKEBISHO

Kijana hakukata tamaa, na mkuu wa kituo hakumfukuza. Walikaa pamoja, wakaandika mambo yaliyotokea saa kwa saa bila ya kutafuta wa kulaumiwa, kisha wakapanga upya.

Jambo la kwanza lilikuwa ni kumtoa mlinzi nje. Ilipatikana kompyuta ndogo ya bei nafuu ya aina ya Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake haushindi kiganja cha mkono. Iliwekwa katika jengo jingine, kwa umeme mwingine, betri nyingine na laini nyingine ya intaneti. Kompyuta hiyo ndiyo inayoibishia hodi seva kila dakika tano. Isipoitikiwa mara tatu, hutoa tahadhari.

Jambo la pili lilikuwa ni kumlinda mlinzi. Seva nayo iliamrishwa kuibishia hodi kompyuta ndogo. Mmoja akianguka, mwenziwe husema.

Jambo la tatu lilikuwa ni kuupa ukimya maana. Kila siku saa moja ya asubuhi roboti hutuma salamu fupi: seva ni nzima, nakala ya akiba ya jana imepatikana, diski imejaa kwa kiasi fulani. Salamu hiyo ni moja tu, na haichoshi. Lakini isipofika, mhusika wa zamu anajua kwamba ni wajibu wake kwenda kutazama kwa macho. Kwa njia hiyo kutolia kwa mbiu nako kumekuwa ni tangazo.

Jambo la nne lilikuwa ni njia ya pili ya kupeleka habari. Ujumbe wa Telegram unaotoka Tanga kwenda kwa mtu aliyepo Tanga haupiti barabara ya Tanga. Hutoka nje ya nchi kwa waya za baharini, hufika katika seva za mbali, kisha hurudi. Safari hiyo yote hukamilika kwa kufumba na kufumbua, na ndiyo sababu watu huisahau. Tarehe 12 Mei, 2024, siku ya Jumapili, waya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana kwa kudhoofika kwa intaneti. Siku kama hiyo roboti inaweza kuiona hitilafu na isiwe na njia ya kuisema. Kwa hiyo kijana aliiongezea kompyuta ndogo modemu yenye laini ya simu, ili tahadhari kubwa zitumwe pia kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hauhitaji intaneti. Aliongeza pia uchunguzi wa salio la laini hiyo, maana mbiu isiyokuwa na salio ni pembe iliyozibwa.

Jambo la tano lilihusu lugha. Ujumbe wa mwanzo ulikuwa ni mfuatano wa maneno ya kifundi ya Kiingereza na tarakimu ambazo karani hakuzielewa. Ulibadilishwa ukawa wa Kiswahili kilicho wazi, wenye mambo manne: mashine gani, ina nini, tangu saa ngapi, na hatua ya kwanza ya kuchukua. Mathalani: "Seva ya mapokezi haiitiki tangu saa tisa na dakika kumi usiku. Tazama kwanza kiyoyozi na umeme wa chumba." Mtu aliyeamshwa usingizini anaweza kuusoma ujumbe huo na kujua mahali pa kuanzia.

MTU WA MWISHO

Pamoja na marekebisho hayo yote, lilibaki swali moja lisiloweza kujibiwa na mashine: baada ya kusikia, nani ataondoka?

Historia ya pwani hii inalo fundisho zito. Tarehe 26 Desemba, 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilizua mawimbi ya tsunami yaliyovuka Bahari ya Hindi. Yalichukua saa nyingi kufika Afrika Mashariki. Habari za maafa ya Asia zilikwisha kutangazwa na vyombo vya habari vya dunia wakati mawimbi yakiwa bado njiani. Katika fukwe za Kenya askari na maofisa waliwaondoa watu majini. Mahali pengine, ikiwemo Tanzania, wapo waliokuwa wakiogelea, na maisha yakapotea. Wakati huo haukuwepo mfumo wa tahadhari ya tsunami kwa Bahari ya Hindi. Ulianzishwa baadaye chini ya UNESCO, na kufikia mwaka 2011 ulikuwa ukifanya kazi. Kilichokosekana siku ile ilikuwa ni hatua ya mwisho, baina ya habari na mtu aliyesimama ufukweni.

Kituo cha Tanga kililitatua jambo hilo kwa karatasi. Iliandikwa orodha ya zamu. Kila siku anakuwepo mtu mmoja mwenye jina, na wa pili wa kumsaidia. Tahadhari ikitoka, wa zamu hana budi ajibu kikundini kwa neno moja: "Nimepokea." Zikipita dakika 15 bila ya jibu, roboti humwandikia wa pili. Zikipita nyingine 15, humwandikia mkuu wa kituo. Kabla ya hapo tahadhari ilipelekwa kwa watu wanane, na kila mmoja alidhani mwenziwe ndiye atakayekwenda. Wahenga walikwisha kuonya kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama.

SIRI NA SHERIA

Kabla ya kuhitimisha, hapana budi kugusia mambo matatu ambayo vijana huyasahau kwa furaha ya kuona roboti inafanya kazi.

Kwanza ni ule ufunguo. Wanafunzi wengi huuandika ndani ya programu, kisha huionyesha programu hiyo hadharani ili wenzao wajifunze. Mtu mbaya akiuokota anaweza kutoa tahadhari za uongo kwa jina la kituo. Ufunguo uwekwe katika faili lake mbali na programu, na ukivuja, BotFather aombwe mara moja kuufuta na kutoa mwingine.

Pili ni siri za watu. Tahadhari ieleze hali ya mashine, isitaje mgonjwa. Jina la mtu, namba ya kadi au ugonjwa havina nafasi katika kikundi cha mazungumzo ambacho ujumbe wake unahifadhiwa nje ya nchi. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na kabla ya sheria hiyo lilikuwepo sharti la kale la kitabibu la kumtunzia mgonjwa siri yake.

Tatu ni idhini. Kuichunguza seva ya watu bila ya ruhusa, hata kwa nia njema, kunaweza kumwingiza kijana katika makosa yaliyotajwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwanafunzi aombe ruhusa kwa maandishi, na mkuu wa ofisi aitoe kwa maandishi.

NASAHA

Kwa kuzingatia hayo yaliyoelezwa, inafaa wahusika wazingatie yafuatayo:

(a) Mwanafunzi atakayeunda roboti ya tahadhari ajiulize kwanza: kikizimika kile ninachokilinda, je, sauti yangu itabaki?

(b) Roboti ijaribiwe kwa kuizima seva makusudi, mchana, kwa idhini na mbele ya wahusika. Tahadhari ambayo haijawahi kujaribiwa haijulikani kama ni tahadhari.

(c) Kila tahadhari iwe na mwenyewe. Isiyokuwa na mtu wa kuishughulikia na iondolewe, maana inaziharibia heshima nyingine.

(d) Wakuu wa ofisi na wa skuli wasiwaachie vijana kazi hii kisha wakaisahau. Mwanafunzi ataondoka muda wake wa mafunzo ukimalizika. Ni lazima aache maandishi ya Kiswahili yanayoeleza kompyuta ndogo ipo wapi, ufunguo umehifadhiwa na nani, na laini ya simu inaongezwa salio kila tarehe ngapi.

(e) Daftari na kalamu zisitupwe. Kila kituo kiwe na fomu za karatasi zilizo tayari kwa siku ambayo mashine zote zitanyamaza.

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, ndugu walimu, ndugu wananchi,

Kijana wa mfano huu alipomaliza mafunzo yake aliacha chumba kidogo chenye kiyoyozi cha aina inayowaka chenyewe, kompyuta moja ndogo katika jengo la pili, orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, na daftari la kurasa kumi na mbili. Vitu hivyo vyote kwa pamoja ndivyo vilivyokuwa roboti yake, na ile programu fupi ilikuwa ni sehemu ndogo kuliko zote.

Ipo siku umeme utakatika tena usiku, katika mji wowote wa mwambao au visiwani. Seva itaanza kupata joto. Mahali fulani simu italia, mtu mmoja mwenye jina lake katika orodha ataamka, ataandika "Nimepokea", atavaa viatu na kwenda kuwasha kiyoyozi. Asubuhi akina mama watafika na watoto wao, watahudumiwa, na hawatajua kwamba usiku palikuwa na jambo. Kutojua kwao huko ndiyo tunu ya kazi hii.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa usiku hauonekani ila kwa mbiu yenye kuaminiwa.